Maji ya Msimbazi na Kodi ya Miezi Sita

Chumba kilikuwa Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyoupa Mto Msimbazi mgongo. Ukutani, juu ya plasta iliyoanza kubanduka, kulikuwa na mistari ya kahawia: mmoja usawa wa goti, mwingine usawa wa kiuno, na wa juu kabisa ulikuwa umeipita swichi ya taa. Kitanda kilikuwa kimepandishwa juu ya matofali, manne kila mguu. Televisheni ilikaa juu ya kabati. Vyeti vya watoto vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye kenchi, karibu kabisa na bati. Mama mwenye chumba alikuwa anakanda unga wa chapati, nami nikamwuliza swali ambalo kila mgeni wa bondeni huuliza: kwa nini usihame, mama?

"Nihamishe basi, mwanangu," alisema bila kuinua macho.

Halafu akanipigia hesabu. Alikuwa mpangaji, na kodi ya miezi sita alikwisha kuilipa. Mwenye nyumba harudishi hata senti. Akitaka chumba kwingine, atadaiwa tena miezi sita mkononi, dalali atataka mwezi mmoja wake, na vyombo havitembei vyenyewe, vinahitaji kirikuu. Chukulia chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi: ni shilingi 350,000 kabla hujapakia hata ndoo. Na wateja wa chapati zake ni mafundi na wabeba mizigo wa pale pale. Akienda Chanika, pembezoni mwa jiji, anakuwa mgeni mwenye jiko na unga, hana mtu wa kumlisha. Mafuriko humgharimu godoro na unga wa wiki kila maji yanapoingia. Kuhama kungemgharimu mtaji wote kwa siku moja. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile na sijaona alipokosea.

Ukisikia redioni kwamba watu wa mabondeni ni wakaidi, wameambiwa wahame hawataki, ikumbuke hesabu hiyo. Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi na watu wanyonge huwa unaanzia angani, kwenye hewa ya ukaa na barafu ya ncha za dunia, na ukifika ardhini huwa umeishiwa pumzi. Tuanze na anga basi, ila tusikae huko sana.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukigeuka mvua hushuka kwa kishindo. Kwetu kuna jambo la pili, nalo ni Bahari ya Hindi. Upande wake wa magharibi, huku kwetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huja na mvua za kupita kiasi. Hali ikigeuka, vuli hukauka. Mpishano huo ulikuwepo tangu zamani, lakini sasa unafanyika juu ya bahari ambayo yote imepata joto.

Wapo wanasayansi wanaojaribu kupima ni sehemu gani ya balaa fulani inatokana na joto hili tulilolisababisha wanadamu. Kundi moja linaloitwa World Weather Attribution limeipima Afrika Mashariki mara tatu ndani ya muda mfupi, na majibu yake hayafanani hata kidogo. Kwa ukame ulioanza Oktoba 2020, ambapo mvua ziligoma misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, walisema mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwezekano wa kutokea kwake uwe mara 100 hivi zaidi. Mkosaji mkubwa hapo alikuwa joto lenyewe, lililounyonya unyevu kutoka kwenye udongo na malisho. Kwa mvua za vuli ya 2023, walisema huenda zilizidishwa hadi mara mbili. Kwa masika ya 2024, yale yaliyouzamisha mtaa wa Mathare jijini Nairobi, makadirio yao yalikuwa ongezeko la mvua la takriban asilimia 5, tena kwa tahadhari.

Asilimia 5! Masika hayo Kenya ilizika karibu watu 300, na kwetu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamekufa. Wapo watakaoishika namba hiyo na kusema, kumbe tabianchi inasingiziwa. Mimi naisoma vingine. Ndoo ikiwa imejaa pomoni, kikombe kimoja tu kinatosha kumwaga maji sakafuni. Kilichobaki kuuliza ni nani aliijaza ndoo, na kwa nini sakafu inayolowa ni ya watu wale wale kila mwaka.

Twende mtoni. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hushuka kilomita 35 hivi na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Huko juu, palipokuwa na vichaka na mikorosho, sasa kuna mabati, zege na lami. Mvua iliyokuwa ikizama taratibu ardhini sasa huteleza juu ya paa, hukimbia juu ya ua uliosakafiwa vizuri wa mtu wa Kinyerezi au Segerea, hubeba mchanga na taka njiani, na hufika bondeni ikiwa na haraka. Mto ukifika Jangwani, ambako nchi ni tambarare, mwendo hupungua na mchanga hutua. Kitanda cha mto kinapanda, daraja linabaki pale pale. Mvua ambayo miaka ya nyuma ingepita chini ya daraja leo hupita juu yake. Yule mama wa Kigogo anapokea kwa mkupuo maji ya watu wa juu ambao hawamjui wala hawajui kwamba wanamtumia maji.

Kwa nini yuko pale? Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 iliikuta na milioni 5.38. Wengi wao, hutajwa takriban asilimia 70, wanaishi kwenye makazi ambayo hayakupimwa. Viwanja vilivyopimwa ni vichache, viko mbali au vina bei ya kumkimbiza mtu. Bondeni ndiko ardhi ilikobaki nafuu, kwa sababu ile ile kwamba kuna maji. Wataalamu wana maneno yao, "makundi yaliyo katika mazingira hatarishi", na nakiri kwamba msemo huo hunikera, maana unafanya unyonge uonekane kama kundi la damu, kitu ambacho mtu amezaliwa nacho. Yule mama hana unyonge wowote mwilini. Anaamka saa kumi alfajiri na kulea watoto watatu kwa chapati. Utaratibu wa kodi na bei ya viwanja ndio uliomweka mbele ya mto.

Na kabla hatujamwita mtu mkaidi, tukumbuke kwamba hata serikali ilijenga bondeni. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana na maegesho yake yalikuwa Jangwani, katikati ya njia ya maji. Maji yakaja, kama yanavyokuja, yakaingia kwenye mabasi. Kulikuwa na wahandisi, ramani na mkopo, na bado palichaguliwa pale pale alipopachagua mpangaji.

Majibu ya mji kwa mafuriko yamebadilika kidogo kidogo, na kila moja lina funzo lake. Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 40. Serikali iliwapeleka waathirika Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji, wakapewa mahema na viwanja. Kwa ramani, wazo lilikuwa zuri: juu, pakavu, hakuna mto. Lakini hapakuwa na mteja wa samaki wa kukaanga wala nyumba za kufulia nguo, na nauli ya kuja mjini ilimeza kile ambacho mtu angekipata akifika mjini. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni. Watu walicheka, wakasema hawa hawasaidiki. Ukweli ni kwamba waliokolewa kutoka majini wakapelekwa kwenye njaa, wakachagua kati ya viwili hivyo.

Kisha zikaja X nyekundu, alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mwishoni mwa 2015 hadi mwanzo wa 2016 nyumba za Mkwajuni na kwingine kando ya Msimbazi zilibomolewa. Sheria ilikuwa sheria. Ila nyumba nyingi zilizowekewa X zilikuwa na umeme wa mita, na wenye nyumba walikuwa na risiti za kodi ya majengo. Mtu uliyempokea kodi kwa miaka kumi kisha ukamwambia hayupo kisheria, ukimfundisha juu ya tabianchi hatakusikiliza. Wakenya wanalijua hilo vilevile. Masika ya 2024 amri ilikuwa mita 30 kutoka kingo za mito, tingatinga likaingia Mathare wakati matope hayajakauka, na ahadi ya shilingi 10,000 za Kenya kwa kila kaya ikaja huku watu wamekwisha kulala nje.

Sasa kuna jibu kubwa zaidi, mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022. Mpango wake ni kuuchimba na kuupanua mto, kuliinua daraja la Jangwani, kuigeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya mji, na kuwahamisha watu wa chini kabisa kwa fidia. Kwa maoni yangu ni jibu bora kuliko yote yaliyotangulia, maana linakubali kwamba mto una haki ya kupita na mtu ana haki ya kulipwa. Lakini humo humo kwenye neno fidia ndipo mpangaji anapoweza kupotea.

Sheria zetu za ardhi zinamfidia mwenye mali: thamani ya jengo, posho ya usumbufu, usafiri, pango la muda. Vinapimwa kwa kile alicho nacho mtu. Kanuni za Benki ya Dunia zinakwenda mbele zaidi, zinamtambua hata asiye na haki yoyote ya kisheria juu ya ardhi. Halipwi ardhi, lakini hulipwa alichokijenga na husaidiwa kuhama. Kwenye karatasi mpangaji naye anahesabika. Mtaani mambo hutegemea siku ambayo mwenye daftari alipita. Nyumba haihami, ukija leo au mwakani utaikuta. Mpangaji aliyekuwepo Januari huenda Juni hayupo, na aliyeingia baada ya orodha kufungwa anaambiwa amefuata fidia. Kuna mwenye nyumba asiyetaka wapangaji wake waandikwe kwa kuogopa kwamba fungu lake litapungua. Hapo anayeweza kusema nani analala wapi ni mjumbe wa shina tu, na mjumbe huyo halipwi mshahara.

Sijasema haya kwa kumwonea huruma mpangaji peke yake. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba akilipwa, nyumba ikabomolewa, mpangaji hatoweki. Anahamia bonde lingine, kijito kingine kisicho na mradi, na hatari inakuwa imesogezwa mitaa minne tu.

Tahadhari za mvua nazo zina sura hiyo hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hizi hutabiri vizuri, na ujumbe wa "mvua kubwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani na Tanga, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba" hufika kwenye simu kabla ya wingu. Niliwahi kumwuliza kijana mmoja wa Magomeni kwa nini aliupata ujumbe na bado akalala ndani. Alinijibu kwamba ukitoka, maji yataondoka na vyombo vyako au vibaka wataondoka navyo, afadhali ubaki uone ni nani. Utabiri unamfaa mwenye mahali pa kwenda na mtu wa kumlindia mlango.

Mambo haya si ya mjini tu. Vuka bahari uende Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989. Wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakitoka, wanashuka na vigingi na kamba, wanafunga mbegu moja moja, na kwa wengi wao hizo ndizo zilikuwa fedha za kwanza walizozishika bila kupitia kwa mume. Kuna mwani mwembamba, wa bei ndogo, na mwani mnene ambao wanunuzi huuita kotonii, wa bei nzuri. Tatizo la kotonii ni kwamba haupendi maji moto. Kwenye kina kifupi, jua likiyapika maji yaliyobaki, unageuka mweupe, unalainika, unakatika mkononi. Miaka imekuja ya kuvuna mweupe mtupu.

Watafiti wakatafuta suluhisho. Dkt. Flower Msuya, ambaye amefanya kazi na wakulima wa mwani Zanzibar kwa miaka mingi, alijaribu nao nyavu zenye umbo la bomba zinazowekwa kwenye maji ya kina kirefu, ambako kuna ubaridi. Kisayansi lilikuwa jibu sahihi. Ila kina kirefu kinataka chombo, na wanawake wengi wa pwani ile hawakufundishwa kuogelea utotoni. Bahari yao ilikuwa ya kiunoni. Mwenye ngalawa ni mwanamume. Ukigawa nyavu bila kugawa boti wala mafunzo ya kuogelea, utakuwa umeuokoa mwani na kuihamisha biashara kutoka kwa mke kwenda kwa mume, na ripoti itaandika kwamba jamii imestahimili. Ustahimilivu wa nani? Swali hilo linatakiwa liulizwe kabla ya kununua kamba, na wanaolijibu wawe ni wale wanaolowa.

Ndiyo maana napenda kutaja Gazi, kule Kwale nchini Kenya. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakitunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo inaihifadhi. Fedha zenyewe si za kutajirisha mtu. Ila zinaingia kijijini, na wanakijiji wenyewe hukaa kuamua zifanye nini. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Kazi ya kutunza na haki ya kuamua vipo mikononi mwa watu hao hao, jambo ambalo ni nadra katika biashara hii.

Tukiongelea fedha, hapa ndipo kwenye kinyaa. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia. Lakini zile dola milioni 200 za Msimbazi ni mkopo. Ni mkopo wa masharti nafuu, wa miaka mingi, lakini utalipwa, na watakaoulipa ni pamoja na mama wa chapati kila anaponunua mafuta ya kula. Nchi inakopa kujikinga na dhara ambalo haikulianzisha. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, baada ya miaka mingi ya nchi maskini kupiga kelele, ulikubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Dubai, ulizinduliwa na kuahidiwa takriban dola milioni 700. Gawanya kiasi hicho kwa nchi zote zinazozama na zinazoungua, kisha kumbuka kwamba bonde moja la mto mmoja wa mji mmoja limehitaji 200.

Kupigania fedha hizo ni kazi ya serikali, na iendelee. Lakini kuna haki ambazo hazisubiri Dubai. Kodi ya mwezi mmoja mmoja badala ya sita ingemfanya mtu wa bondeni aweze kuhama wiki ile anayopata tahadhari, na hilo halihitaji mhandisi. Daftari la wapangaji kwa kila shina, linaloandikwa kabla ya masika na siyo baada yake. Kiwanja cha kuhamia ambacho nauli yake haimezi kipato. Hata ujuzi wa maji yanakopita upo tayari: mradi wa Ramani Huria, kuanzia 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam mitaani na simu na droni, nao wakajikuta wakiwauliza wazee na kina mama maji hufika wapi, mtaro upi umeziba, mwaka upi yalifika dirishani. Mistari ile niliyoiona ukutani Kigogo ilikuwa takwimu, kabla mtu yeyote hajaiita hivyo.

Nilipita tena pale kiangazi kilipoanza. Mama wa chapati hakuwepo. Jirani alisema amepata chumba upande wa pili wa mto. Mlango ulikuwa wazi, na dalali alikuwa anamwonyesha chumba kijana mmoja wa bodaboda. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya bluu hafifu, zinang'aa. Mistari yote ilikuwa imefunikwa isipokuwa ule wa juu, ambao ulichungulia kidogo pembeni mwa swichi mahali ambapo brashi ya fundi haikufika. Kijana aliuliza kama maji huwa yanaingia. Dalali alisema siku hizi mto umechimbwa, na kwamba kodi ni miezi sita.